Mkungu wa Dirishani

"Tetere huyu ana nini?" Bi Mashavu aliuliza, pua karibu iguse kioo. "Nikiamka kaatamia, nikienda kulala kaatamia. Mayai gani hayo yasiyoanguliwa? Au kalalia kokoto, maskini ya Mungu?"

Tunu hakujibu. Alikuwa kajilaza kitandani na kichanga chake kifuani, akajifanya anamtazama anavyonyonya. Uzazi una nafuu yake hiyo: mtu akinyamaza, watu husema kachoka, wakamwacha. Na Tunu alikuwa kachoka kweli, ila uchovu wake haukuwa wa uzazi.

"We Tunu, nakusemesha."

"Nasikia, mama. Labda ndege wa siku hizi wanachelewa. Joto."

"Joto!" Bi Mashavu alifyonza. "Joto si ndilo lingemsaidia? Mimi nawajua tetere tangu sijaota meno ya pili. Huyu ana jambo. Na silipendi jambo lake, nakwambia. Ndani kuna mzazi, nje ndege kalalia mayai mabovu. Silipendi hata kidogo."

Haya, kwa asiyelijua jengo lile: lilisimama Tanga, mahali palipokuwa na mtaa wa nyumba za bati kabla haujabomolewa, nalo liliitwa Mkungu. Jina lilitokana na mti uliokuwa uani kwa Bi Mashavu na marehemu mumewe, mkungu wa kweli wenye matawi yaliyokaa tabaka juu ya tabaka na kungu ambazo watoto walizigonga kwa mawe wapate kokwa. Mtaa ulibomolewa, jengo likapanda, mti ukaachwa usimame. Hayo yalikuwa makubaliano.

Watu wenyewe walikuwa hawashuki tena. Joto lilikuwa limewanyang'anya ardhi, na huko chini walibaki mafundi waliovaa mavazi ya baridi yanayopoza mwili, pamoja na mitambo yao. Mtu alikwenda kazini, sokoni, msikitini na harusini kwa madaraja yaliyofunikwa, akazeeka bila kukanyaga mchanga. Kilichobaki ni dirisha. Na jamani, walivyolitazama! Walikuwa hawamjui jirani wa mlango wa pili, lakini jani likidondoka mkunguni, habari zilifika ghorofa zote kabla halijagusa chini.

"Bi Mashavu!" Spika ya ukutani iliita. Alikuwa Bi Zaituni, wa ghorofa ya juu yao, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu. "Umeliona tawi la upande wa bahari? Majani yameanza kuiva. Mwaka huu mkungu umewahi!"

"Nimeliona kabla yako," alijibu Bi Mashavu, akajisahau kidogo na tetere wake. "Likishaiva lile, wiki haiishi, upande wote unakuwa mwekundu. Ungekuwa unaamka mapema ungeona."

"Nilikuwa nimeamka!"

"Ulikuwa umeamka kitandani."

Wakacheka wote wawili, huyu juu na huyu chini. Tunu alifumba macho. Majani yale mekundu aliyapaka yeye mwenyewe, kabla uchungu haujamshika.

*

Bi Mashavu alipoingia jikoni kukoroga uji wa pilipili manga, Tunu alitoa kishikwambi chini ya mto.

Madirisha ya Mkungu yalikuwa na ngozi mbili. Ngozi ya nje ilikuwa na macho madogo yaliyotazama uani mchana kutwa. Ngozi ya ndani ilionyesha kile macho yalichoona, baada ya kuondolewa mng'ao wa jua, kwa maana jua la siku zile lingepita kwenye kioo kitupu watu wangeungua wakiwa sebuleni. Hayo yalijulikana na kila mtu. Bi Mashavu alikuwa akijisifu kwa jirani zake, "Mwanangu ndiye anayesafisha vioo vya jengo zima," na alisema hivyo kwa fahari kama ya mama wa daktari.

Lakini baina ya ngozi mbili hizo alikaa mtu, na mtu huyo alikuwa Tunu. Kazi yake iliitwa utunzaji wa madirisha. Kwanza aliondoa mng'ao. Kisha vumbi. Kisha wenyeji walilalamika kwamba mafundi waliovaa mavazi ya kijivu wanaharibu mandhari, ndipo yeye na wenzake wakatengeneza kitu walichokiita fagio: chochote kisicho mti, ndege wala mawingu, fagio lilikifagia kisionekane. Mikokoteni, takataka, watu. Hapo hakuna aliyelalamika.

Baadaye mizizi ya mkungu ikapasua bomba kubwa la maji ya baridi, lile linalopoza jengo. Msimu wa joto kali ulikuwa mlangoni. Kuhamisha bomba kungechukua muda, na muda wenyewe wazee na vichanga wasingekuwa nao. Tunu alilijua hilo, na hata sasa, akitaka kujitetea, huanzia hapo. Wakubwa wa kampuni yenye jengo hawakumuuliza kama mti ukatwe au usikatwe. Walimuuliza jambo moja tu: ukikatwa, wenyeji watajua?

Akafanya jaribio. Kwa wiki nzima aliwaonyesha wenyeji picha ya mkungu, iliyochukuliwa mwaka wa nyuma, na mkungu wenyewe umesimama nyuma yake palepale. Akaenda kukaa na mama yake dirishani, kikombe mkononi, akimtazama usoni. Bi Mashavu alikunywa kahawa yake, akauangalia mti, akasema, "Leo mkungu wetu umependeza."

Tunu akarudi ofisini akawaambia, "Hawatajua."

Msumeno ulipokuja, fagio lilifagia msumeno na waliokuwa wameushika. Bi Mashavu alikuwa dirishani muda wote ule, anachambua mchele.

Tangu siku hiyo Tunu alikuwa akilipa kwa namna aliyoijua. Alimletea mama yake popo wa magharibi. Alimletea kungu nyingi kuliko mti wowote ulivyowahi kuzaa. Alimletea tetere wawili, akawajengea kiota kwenye tawi lililo karibu kabisa na kiti chake, akawawekea mayai. Alikuwa amepanga kuyaangua taratibu, siku baada ya siku. Uchungu ukamwahi. Akaenda kujifungua, na dirisha likabaki linarudia yale yale, tetere kaatamia, tetere kaatamia, mpaka mwenye macho akaona.

Sasa alitafuta haraka haraka. Kulikuwa na vifaranga vilivyopigwa picha Muheza miaka mingi iliyopita, vibaya vya sura, vipara, midomo wazi. Akavitia kiotani. Akalipasua yai la kwanza, akakirudisha kishikwambi chini ya mto. Mtoto alikuwa kaachia ziwa, anamtazama kwa yale macho ya vichanga yasiyoona kitu. Tunu akamgeuza uso.

Bi Mashavu akaingia na bakuli la uji. Akatupa jicho dirishani kama kawaida yake. Bakuli likayumba.

"Mama yangu weee!"

Akaweka uji chini, akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele. Mwanamke yule alikuwa na magoti mabovu na pumzi fupi, lakini vigelegele vyake vilipasua nyumba. Bi Zaituni alivipokea juu bila hata kuuliza ni vya nini, kisha akatazama dirishani mwake akaona, akazidisha. Ghorofa kwa ghorofa wanawake wakapokezana, mpaka spika ikawa inakwaruza. Bi Mashavu alikaa kitini, machozi yanamtiririka, anacheka.

"Umeona, Tunu? Umeona? Nilikuwa na hofu, sikutaka kukwambia. Nikisema moyoni, mtoto huyu Mungu atupe salama. Kumbe kheri tupu!"

"Kheri, mama," Tunu akasema.

"Basi mimi sina cha kungoja tena." Bi Mashavu alifungua pindo la kanga, akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa cheupe. Ndani yake kilikuwa kitovu cha mjukuu, kilichoanguka jana yake, kimekauka. "Kesho asubuhi nashuka nikakizike."

Tunu, aliyekuwa ameshaupokea uji, alisimamisha kijiko katikati ya safari. "Unashuka wapi, mama?"

"Wapi tena? Mkunguni. Penye kitovu chako."

*

Hatibu, mumewe Tunu, alikuwa mtu mpole wa kupenda mambo yaishe. Alipotoka kazini akaambiwa, akakaa ukingoni mwa kitanda akajikuna kichwa.

"Nimwambie mimi ndiye nitakayekizika," alisema kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa. "Nitasema kwetu baba ndiye huzika. Nitashuka, nitakaa kidogo, nitapanda. Yamekwisha."

"Utakizika wapi?"

"Tunu, mke wangu. Nitakiweka mahali pa heshima. Hata kwenye chungu cha maua."

Tunu alimtazama, na jambo lililomuumiza ni kwamba alitaka kukubali. Alilitaka kwa moyo wote. Uongo mmoja zaidi, tena mdogo kuliko ule wa kwanza, na mama angelala usingizi wake na yeye angelala wake.

Hatibu akaenda kujaribu. Haikupita muda akarudi.

"Kasema nini?"

"Kaniambia, 'Baba Hatibu, nakuheshimu, lakini mti ule wewe huujui kama mimi. Mimi ndiye niliyeshika jembe siku ya kuzika kitovu cha Tunu.' Kisha akaniuliza kama nimekula."

Alasiri Bi Mashavu alimkanda binti yake. Alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakibandika kiunoni, na mikono yake ilikuwa ileile iliyomwosha Tunu utotoni, migumu, isiyo na haraka. Chumba kilinuka mvuke na karafuu. Tunu alilala kifudifudi, uso kwenye mto. Akasema moyoni, sasa. Asiponiona uso nitaweza.

"Mama."

"Nimekuchoma?"

"Hapana. Kuhusu kesho. Huko chini ni joto sana, na magoti yako..."

"Nitavaa lile joho lao la baridi. Nimeshazungumza na msimamizi wa chini, kijana mmoja anaitwa Mbelwa. Sauti ya adabu." Kitambaa kilishuka tena. "Na magoti, nitashuka hata kwa kutambaa. Wewe hujui, Tunu. Ulikuwa mdogo. Siku walipokuja kununua kiwanja, baba yako aliwasikiliza tangu mwanzo mpaka mwisho, akawapa chai. Kisha akatoka nje akaukumbatia mkungu, mtu mzima yule, mbele ya wageni. Akasema nyumba chukueni, choo chukueni, hata mimi mwenyewe mkitaka nichukueni. Hapa pana kitovu cha mwanangu. Wakaapa hawatougusa."

Tunu aliuma mto.

"Na waungwana wale wametimiza," Bi Mashavu akasema. "Kila asubuhi nikiuona namwambia baba yako, lala salama, mti wako upo. Kitovu kikitupwa ovyo, mtoto anakuwa wa njiani, hana kwao. Huyu kwao ni pale, kama wewe. Geuka nikukande tumbo."

Tunu akageuka. Akafumba macho ili machozi yaonekane ni ya maji ya moto.

*

Asubuhi Bi Mashavu alitoka. Alimbusu mjukuu, akamwagiza Tunu asinyanyuke, mzazi hatembei ovyo arobaini haijatimia, na Hatibu akamsindikiza hadi kwenye lifti ya mafundi. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa, vazi la baridi lilikuwa moja. Mlango ukafungwa, na Hatibu akabaki ameshikilia mkoba wa mama mkwe wake.

Tunu aliinuka. Mkaja ulikuwa umembana tumboni. Akaenda dirishani akakaa kwenye kiti cha mama yake, ambacho kilikuwa bado na umbo lake. Mkungu ulikuwa mzuri kupita kiasi. Majani mekundu, majani mabichi, tetere mama analisha vifaranga. Ua lilikuwa safi, halina mtu.

Simu ikalia.

"Tunu? Nimefika." Sauti ilikuwa imezibwa na kofia ya lile vazi, pumzi inasikika. "Loo, huku chini kumebadilika! Mashine tupu. Mkungu uko upande gani?"

Tunu alifungua mdomo.

"Huyu Mbelwa kanifungulia mlango, ananiambia tangu aanze kazi hajapata kuona mti. Nimemwambia, baba, macho yako yapeleke hospitali. Kijana wa watu, kaduwaa tu mlangoni." Bi Mashavu alicheka, akakohoa. "Sasa wewe uko hapo juu, unaniona. Nielekeze."

Tunu alitazama uani. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mama. Palikuwa na mti usiokuwepo, na mama aliyekuwepo hakuonekana. Fagio lilikuwa limefanya kazi yake. Alikuwa amemfagia mama yake mzazi.

"Tunu? Unaniona?"

"Subiri, mama. Simama kidogo."

"Nasimama, lakini joho hili limeanza kulia."

Ni kweli, nyuma ya sauti yake mlio mwembamba ulikuwa unasikika, ti, ti, ti. Mavazi ya baridi yalitengenezwa kwa vijana wanaojua pa kwenda, si kwa ajuza anayezunguka.

"Mama, rudi mlangoni. Hatibu atakuja kesho na vazi jingine."

"Sirudi na hiki mkononi."

"Mama, nakuomba."

"Nimesema sirudi! Nimeshuka, nimekaribia, mti mkubwa kama ule unaniponyoka vipi? Nitauona tu. Nazunguka huku." Mlio ukaongeza mwendo, na pumzi nayo.

Kulikuwa na njia za uongo bado, na Tunu alizipitia zote kwa dakika moja, kwa aibu, kama mtu anayepekua mifuko ya nguo za maiti. Angeweza kumwambia amekosea uwanja. Angeweza kuliondoa fagio peke yake, amwone mama, lakini basi jengo zima lingemwona Bi Mashavu akipita katikati ya shina la mkungu kama mzuka. Picha ilikuwa moja kwa upande wote ule. Kumwonyesha mama yake ukweli maana yake ilikuwa kuwaonyesha wote.

"Tunu, kizunguzungu," Bi Mashavu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nielekeze, mwanangu."

Tunu akachukua kishikwambi. Akazima.

Mkungu ukatoweka, na tetere, na vifaranga. Mwanga mkali wa kijivu ukaingia chumbani hadi mtoto akalia. Uani palikuwa na saruji, ukuta hadi ukuta. Palikuwa na mabomba manene kama vifaru na mitambo inayotetemeka, na juu yake hewa inachemka. Katikati ya saruji hiyo alikuwa mtu mdogo ndani ya vazi la kijivu lililompwaya, kalifungia kanga yake kwa juu kiunoni, ile ya buluu, mkono mmoja kifuani, anazunguka.

"Mama, simama!"

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Haya. Niende wapi?"

Pale aliposimama palikuwa na duara, saruji yenye rangi tofauti kidogo na nyingine. Tunu alipajua. Aliletewa picha yake siku kazi ilipokwisha, akaitazama mara moja, hakurudia.

"Usiende popote, mama," alisema. "Umesimama hapohapo."

Mlio tu, ti, ti, ti.

"Hapohapo wapi? Hapa pana saruji."

"Ndiyo, mama. Kisiki cha mkungu kiko hapo chini yake. Ulikatwa. Ulikatwa zamani, mama, na mimi ndiye niliyewaambia hamtajua."

Mtu mdogo wa kijivu alitazama chini, kwenye miguu yake. Kisha akainua uso. Juu yake, ghorofa zote, watu walikuwa wamejaa madirishani wanatazama chini, na spika ikalipuka kwa sauti ya Bi Zaituni: "Mkungu uko wapi? Jamani, mkungu! Na yule nani kule chini? Ile kanga! Ni Bi Mashavu yule!"

"Mbelwa!" Tunu alipiga kelele kwenye simu, hajui kama kijana atasikia. "Mbelwa, mchukue! Mchukue mama yangu!"

Kijana alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Aliletwa juu amebebwa, akamwagiwa maji, akapewa chumvi na sukari, akarudiwa na rangi. Alipoulizwa na Hatibu kama anajisikia vizuri alisema, "Namshukuru Mungu, baba." Alipokuja Tunu na mtoto mkononi hakusema kitu.

Spika haikunyamaza siku nzima. Wengine walilaani. Mmoja alimtaja Tunu kwa jina, akamtukana tusi lililomfanya Hatibu aende kupunguza sauti. Lakini kufikia mchana maneno yalianza kubadilika. Mwanamume mmoja alisema watoto wake wanaogopa mashine. Mwingine akauliza picha itarudi lini. Na Bi Zaituni, yule yule, akasema kwa sauti ya kulia, "Ni uongo, sawa, tumejua ni uongo. Lakini turudishieni. Tutatazama nini sasa?" Kampuni nayo ilimpigia Tunu, ikampigia tena. Hakupokea.

Alasiri Bi Mashavu aliinuka bila kuambiwa na mtu, akabandika maji jikoni.

"Mama, acha leo, pumzika."

"Lala," Bi Mashavu alisema.

Tunu akalala kifudifudi. Kitambaa kikaja, cha moto, kikakaa kiunoni. Mikono ilikuwa ileile. Tunu alitamani imkande kwa hasira, imuunguze kidogo. Haikumuunguza. Ilimkanda kama jana, taratibu, kila mahali panapostahili.

"Tetere?" Bi Mashavu aliuliza hatimaye.

"Ni mimi, mama."

"Popo?"

"Mimi."

"Vile vifaranga vya jana?"

Tunu aliitikia kwa kichwa, ndani ya mto.

Kitambaa kilichovywa, kikakamuliwa. Maji yalidondoka kwenye beseni kwa muda mrefu.

"Nilipiga vigelegele, Tunu."

"Mama, nisamehe. Bomba lilipasuka, mngeungua wote, nilifikiri... Nilitaka usiumie. Nisamehe, mama."

"Nilipiga vigelegele mbele ya watu." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayejisimulia mwenyewe ili aamini. "Na kila asubuhi namwambia baba yako mti upo. Nimemwambia uongo marehemu, miaka yote hiyo, na mimi sijui."

Alipomaliza alimfunga mkaja, akamfunika. Akafungua pindo la kanga, akatoa kile kifurushi cheupe, akakiweka kwenye kiganja cha Tunu, akamkunja vidole kimoja kimoja juu yake.

"Chako nilikizika mimi," alisema. "Cha huyu utakizika wewe. Wapi, sijui. Hilo sasa ni lako."

Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake, mbele ya dirisha, akatazama saruji. Tunu alimwona kwa ubavu, kidevu kimeinuliwa kama kila siku.

"Nikurudishie, mama?" aliuliza kwa woga. "Nikuwekee japo mti tu?"

"Thubutu."

Wakakaa. Mtoto alilala. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mitambo, na saruji ikaanza kuwa na rangi ya chungwa, rangi ambayo Tunu hakuipaka. Kisha kitu cheusi kikaja kutoka upande wa bahari, kikazunguka, kikatua juu ya bomba. Kikakunja mbawa, kikajikuna chini ya bawa kwa mdomo, kikatoa sauti moja mbaya ya kukwaruza. Kunguru. Ndege ambaye Tanga nzima ilimchukia, mwizi wa vifaranga na sabuni. Tunu hakuwahi kumtia kunguru hata mmoja dirishani, maana wenyeji hawakuwapenda.

Bi Mashavu alisogea mbele. Akakaza macho. Kwa kitambo uso wake ulifunguka kidogo, ule uso wa asubuhi za zamani.

"Yule naye ni wako?" Bi Mashavu aliuliza.

"Hapana, mama! Wallahi si wangu. Yule ni kunguru tu. Kaja mwenyewe."

Bi Mashavu alimtazama kunguru muda mrefu. Akamtazama binti yake. Akarudi kumtazama kunguru, naye akawa anatembeatembea juu ya bomba, anatafuta cha kula.

"Hata angekuwa wako ungesema hivyo," alisema, akaegemeza mgongo kwenye kiti.